Kadi ya ukaazi Ulaya: Wapenzi wasiofunga ndoa wanahitaji nini?

MWANAMUME na mwanamke wanapoishi pamoja kwa miaka kadhaa bila kufunga ndoa, aghalabu majirani na jamaa huwatambua kama mume na mke. Humu nchini mtindo huo umezoeleka kiasi cha kupewa jina lake mitaani, 'come-we-stay', na wapo wanaouhesabu kuwa ndoa kamili.

Mambo hubadilika pindi mmoja wao anapopata kazi ng'ambo na mwenzake akataka kumfuata. Afisa wa uhamiaji hawajui majirani wao, wala hajapata kuketi sebuleni mwao. Anachokijua ni karatasi zilizo mbele yake, na kwa karatasi hizo ataamua iwapo wawili hao wataishi pamoja au watatenganishwa na mpaka.

Makala haya yanaeleza jinsi mpenzi asiyefunga ndoa anavyoweza kuomba kadi ya ukaazi katika mataifa ya Umoja wa Ulaya (EU), ambako sheria inatambua uhusiano wa aina hiyo kwa masharti. Njia inayoelezwa hapa ni ya Mkenya, au raia mwingine asiyekuwa wa Ulaya, ambaye mpenzi wake ni raia wa taifa mwanachama wa EU.

Sheria inasemaje?

Sheria kuu ni Agizo nambari 2004/38, lililopitishwa Aprili 29, 2004. Mataifa wanachama yalitakiwa kuliingiza katika sheria zao kufikia Aprili 30, 2006. Agizo hilo hutumika pia Norway, Iceland na Liechtenstein.

Agizo linawagawa wapenzi katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni mume na mke waliooana kisheria. La pili ni wapenzi waliosajili uhusiano wao mbele ya serikali, iwapo nchi wanakohamia inauchukulia usajili huo kuwa sawa na ndoa. Makundi haya mawili yanahesabiwa kuwa 'jamaa' wa raia wa Ulaya, na yana haki ya kuishi naye mradi masharti ya kawaida yametimizwa.

Kundi la tatu, ambalo ndilo kiini cha makala haya, limetajwa katika kifungu cha 3. Hao ni wapenzi wenye 'uhusiano wa kudumu uliothibitishwa ipasavyo'. Kwao sheria haisemi kwamba nchi itawakubali. Inasema tu kwamba nchi itawarahisishia kuingia na kuishi, itachunguza kwa kina hali yao binafsi, na ikiwakataa itatoa sababu.

Tofauti hii ndiyo inayowaponza wengi. Mke wa ndoa huwa ana haki tangu mwanzo, na kadi ni ushahidi tu wa haki hiyo. Mpenzi asiyefunga ndoa, kwa kawaida, haki yake huanzia pale mamlaka zinapomkubalia. Kwa hivyo asidhani kwamba kuwasilisha fomu kunatosha kumpa ruhusa ya kufanya kazi, aulize kwanza.

Mahakama zimeamua nini?

Suala hili lilifika katika Mahakama ya Haki ya Ulaya kabla ya Agizo hilo kuwepo. Mnamo Aprili 17, 1986, katika kesi nambari 59/85 iliyotoka Uholanzi, mahakama ilisema kwamba neno 'mume au mke' halimjumuishi mpenzi asiyefunga ndoa. Hata hivyo, iliongeza kwamba kama Uholanzi inawaruhusu raia wake kuishi na wapenzi wao wa kigeni, haiwezi kumnyima nafasi hiyo mfanyakazi kutoka taifa jingine mwanachama.

Mnamo Septemba 5, 2012, katika kesi nambari C-83/11, mahakama hiyo ilifafanua maana ya 'kurahisisha'. Ilisema nchi hailazimiki kukubali kila ombi la watu waliotajwa katika kifungu cha 3, ila lazima iwape nafasi bora kuliko wageni wengine, na masharti yake yasiifanye ahadi hiyo kuwa maneno matupu.

Uamuzi unaowagusa zaidi Waafrika ni wa Julai 12, 2018, katika kesi nambari C-89/17. Mwanamke raia wa Afrika Kusini alikuwa ameishi na mpenzi wake Mwingereza nchini Uholanzi tangu 2010, na akapewa kadi ya ukaazi huko. Walipotaka kuhamia Uingereza mwaka wa 2013, mamlaka zilimkatalia kwa sababu hawakuwa wameoana.

Mahakama iliamua kwamba raia wa Ulaya anayerejea kwao baada ya kuishi katika taifa jingine mwanachama anastahili kurahisishiwa kurudi na mpenzi wake. Iliamua pia kwamba anayekataliwa lazima awe na njia ya kukata rufaa mahakamani, na mahakama ichunguze kama uamuzi ulikuwa na msingi wa kutosha katika ukweli wa mambo.

Nani hahusiki?

Agizo hili ni la raia wa Ulaya anayeishi katika taifa mwanachama lisilokuwa lake. Mjerumani anayefanya kazi Uhispania anaweza kulitumia kwa ajili ya mpenzi wake Mkenya. Mjerumani ambaye hajawahi kuhama Ujerumani hawezi; yeye hufuata sheria ya uhamiaji ya kwao.

Isitoshe, raia huyo wa Ulaya mwenyewe lazima awe na msingi wa kuishi huko zaidi ya miezi mitatu: awe ameajiriwa, amejiajiri, ni mwanafunzi, au ana mapato ya kumtosha pamoja na bima ya afya. Msingi huo ukiporomoka, ombi la mpenzi wake nalo huporomoka.

Muda gani unatosha?

Agizo halitaji idadi ya miaka. Kila nchi imejiwekea kipimo chake, na hapo ndipo ushauri wa rafiki aliyefanikiwa katika nchi jirani unapoweza kukupotosha.

Nchini Uhispania, kwa mfano, kanuni inasema kwamba wapenzi walioishi pamoja mwaka mmoja mfululizo wanahesabiwa kuwa na uhusiano wa kudumu. Wakiwa na mtoto wao, yatosha kuthibitisha kwamba wanaishi pamoja kwa uthabiti. Ujerumani nayo iliingiza kifungu cha wapenzi wasiofunga ndoa katika sheria yake mnamo Novemba 2020, na inawaachia maafisa hiari ya kukubali au kukataa.

Tume ya Ulaya, katika mwongozo wake wa 2009, ilisema nchi inaweza kuweka muda wa chini kabisa, lakini ni lazima izingatie pia mambo mengine, kama vile mkopo wa nyumba ambao wapenzi wameuchukua kwa pamoja. Kwa hivyo aliyepungukiwa na miezi michache asikate tamaa, ila ajue kwamba ushahidi wake utahitaji kuwa mzito zaidi.

Ushahidi unaokubalika

Kwa kuwa uamuzi wote unategemea uthibitisho, ushahidi hukusanywa tangu siku ya kwanza ya kuishi pamoja, si wiki moja kabla ya kuomba. Ufuatao ndio unaofaa zaidi:

- Mkataba wa kukodisha nyumba wenye majina ya wote wawili, pamoja na stakabadhi za kodi.

- Usajili wa makazi. Katika nchi nyingi za Ulaya kila mkazi husajili anwani yake katika ofisi ya manispaa. Cheti kinachoonyesha anwani moja kwa wote wawili kina uzito mkubwa.

- Bili za umeme, maji na intaneti, hata kama moja ina jina la huyu na nyingine jina la yule, mradi anwani ni ileile.

- Akaunti ya benki ya pamoja, au taarifa za kutumiana pesa. Kwa wapenzi waliotenganishwa na kazi, taarifa ya M-Pesa au ya benki inayoonyesha pesa zikitumwa kila mwezi husema mengi kuliko barua ya mapenzi.

- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye majina ya wazazi wote wawili.

- Tiketi za safari na mihuri ya pasipoti inayoonyesha mlivyotembeleana.

- Bima ya afya au wosia ambapo mmoja amemtaja mwenzake.

Picha na jumbe za simu husaidia, lakini haziwezi kusimama peke yake. Picha chache za miaka mbalimbali, zenye tarehe na jamaa wa pande zote mbili, zinafaa kuliko mamia yaliyopigwa siku moja.

Ni busara kuandika barua fupi inayosimulia uhusiano kwa tarehe: lini mlikutana, lini mlianza kuishi pamoja, na kwa nini mlitengana kwa muda fulani kama ilitokea. Pengo lisiloelezwa humtia afisa shaka.

Hati za Kenya

Kwa Mkenya, kuna mtego ambao wengi hawauoni. Baadhi ya wapenzi hula kiapo mbele ya wakili kwamba 'wanaishi kama mume na mke' ili wapate bima au mkopo, kisha katika fomu ya Ulaya wanajiandikisha kuwa hawajaoana. Afisa akikutana na kauli hizo mbili, huuliza ni ipi ya kweli. Hati zote zielezwe kwa namna moja.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote, zikiwemo za kimila, zisajiliwe. Aliyelipa mahari na kufanya sherehe ya kimila anaweza basi kuisajili na kuomba kadi akiwa mke au mume, badala ya kuingia katika kundi la tatu lenye ulinzi mdogo.

Asitegemee, hata hivyo, kwamba kuishi pamoja pekee kutahesabiwa kuwa ndoa. Mnamo Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kwamba dhana ya kuwepo kwa ndoa kutokana na watu kuishi pamoja itumike kwa nadra, na kwa ushahidi madhubuti.

Aliyeachana na mwenzi wa awali bila talaka rasmi naye ajihadhari. Uhispania, kwa mfano, haikubali mtu awe katika ndoa na wakati huohuo ajitambulishe kama mpenzi wa kudumu wa mtu mwingine.

Hatua za kuomba

Kwanza, raia wa Ulaya hujisajili katika nchi anakoishi na kupata cheti. Pili, mpenzi wake, akiisha kuingia kwa visa inayofaa, huwasilisha ombi pamoja na pasipoti, cheti cha usajili cha mwenzake na ushahidi wa uhusiano. Hati zisizo katika lugha ya nchi hiyo hutafsiriwa na mtafsiri aliyeidhinishwa.

Tatu, mwombaji hupewa stakabadhi ya kuonyesha kwamba ameomba. Aitunze kama mboni ya jicho. Nne, huenda wote wawili wakaitwa kuhojiwa, pengine kila mmoja katika chumba chake. Tano, uamuzi hutolewa. Kwa mujibu wa kifungu cha 10 cha Agizo, kadi hutolewa kabla ya miezi sita kuisha tangu siku ya ombi.

Ada ya kadi haipaswi kuzidi ile wanayotozwa wenyeji kwa hati kama hiyo. Kadi hudumu miaka mitano, au kwa kipindi ambacho raia wa Ulaya amekusudia kukaa kama ni kifupi zaidi. Baada ya miaka mitano mfululizo ya kuishi humo kihalali, mwenye kadi anaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Ombi likikataliwa, daini sababu kwa maandishi na uangalie siku za rufaa zilizotajwa katika barua. Huu ndio wakati wa kumtafuta wakili wa uhamiaji, kwani muda ukipita hata kesi nzuri hupotea.

Mapenzi yakivunjika

Jambo hili halizungumzwi sana, ilhali ndilo zito kuliko yote. Kifungu cha 13 cha Agizo kinamlinda, kwa masharti, mtu aliyetalikiwa au ambaye uhusiano wake uliosajiliwa umevunjwa, akiwemo aliyedhulumiwa nyumbani. Mpenzi wa uhusiano usiosajiliwa hakutajwa humo.

Maana yake ni kwamba anayeishi ng'ambo kwa kadi ya aina hii anaweza kujikuta hana msingi wa kuendelea kukaa siku mwenzake anapomwacha. Ndiyo maana inafaa, mapema iwezekanavyo, ajenge msingi wake mwenyewe, kama vile kibali cha kazi au cha masomo pale sheria inaporuhusu, au wasajili uhusiano wao rasmi.

Na Uingereza je?

Uingereza haiko tena chini ya Agizo hili, kwani kipindi cha mpito baada ya kujiondoa EU kilimalizika Desemba 31, 2020. Ina sheria yake, inayotaka wapenzi wawe katika uhusiano unaofanana na ndoa kwa angalau miaka miwili. Tangu Januari 31, 2024 si lazima wawe wameishi nyumba moja kwa muda huo wote, mradi uhusiano uthibitishwe.

Kikwazo kikubwa huko ni mapato. Mnamo Aprili 2024 kiwango cha chini kwa waombaji wapya kilipandishwa kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000 kwa mwaka. Kadi za ukaazi za plastiki nazo zimeondolewa, na hali ya uhamiaji huonyeshwa kwa njia ya kidijitali.

Kanuni hizi hubadilika, hivyo kila mwombaji athibitishe kwa ubalozi au idara ya uhamiaji ya nchi husika kabla ya kulipa ada au kukata tiketi. Lakini katika kila nchi atakayoiendea, atakuta neno la wahenga halijapitwa na wakati: mali bila daftari hupotea bila habari. Mapenzi nayo, mbele ya afisa wa uhamiaji, yanahitaji daftari.