Mlimani: Historia Fupi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Wageni Wake

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho waliosoma hapo hupenda kukiita Mlimani, kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kikiwa chuo kishiriki chini ya usimamizi wa kitaaluma wa Chuo Kikuu cha London. Wakati huo hakikuwa na mlima wala majengo ya kwake: kilikuwa na kitivo kimoja, cha sheria, kilichoongozwa na Profesa A. B. Weston, na wanafunzi 14, ambao mwanamke kati yao alikuwa mmoja tu, Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria. Walisomea katika jengo la Mtaa wa Lumumba lililokuwa limejengwa kwa ajili ya TANU, chama ambacho kilikubali kujibana ili elimu ipate pa kukaa, na fadhila hiyo inastahili kutajwa kila historia ya chuo inapoandikwa.

Uchaguzi wa sheria kuwa somo la kwanza ndio ulioamua sura ya maisha ya chuo kwa miaka iliyofuata. Makerere ilikuwa tayari na udaktari na kilimo, Nairobi ilikuwa na uhandisi, na hivyo kijana wa Kenya au Uganda aliyetaka kuwa mwanasheria bila kuvuka bahari alilazimika kuja Dar es Salaam. Mwaka 1963 mgawanyo huo ulitiwa muhuri pale vyuo hivyo vitatu vilipounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho Mkuu wake alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Kwa hiyo wanafunzi kutoka nje hawakualikwa ili kukipamba chuo kilichokwisha kukamilika, bali walikuwamo katika sababu yenyewe ya kuanzishwa kwake.

Mwaka 1964 chuo kilihamia kwenye kilima kilichoko kilomita 13 hivi magharibi ya kitovu cha jiji, mahali ambapo aliyetoka bara kwa Barabara ya Morogoro aliteremka Ubungo na kumalizia safari kwa kupanda. Huko juu maisha yalikuwa na mipaka yake: mabweni yaliyojulikana kwa namba, kafeteria, maktaba, na Ukumbi wa Nkrumah, ambao baadaye picha yake iliwekwa kwenye noti ya shilingi 500. Kwa kuwa bweni halikujengwa kwa kabila wala kwa taifa, mwanafunzi wa Kigoma aliweza kuamka asubuhi jirani na wa Kisumu au wa Mbarara, na Kiswahili ambacho hakikutumika kufundishia sheria darasani kikawa lugha ya foleni ya chakula na ya uwanja wa mpira.

Miaka ya baada ya Azimio la Arusha la 1967 ndiyo inayokumbukwa kwa fahari kubwa zaidi. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mwangwi wake ulifika mabwenini. Wanafunzi waliunda umoja wa kimapinduzi uliojulikana kwa kifupi kama USARF, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni wa Uganda, ambaye mwaka 1968 alifika na wenzake katika maeneo ya Msumbiji yaliyokombolewa na FRELIMO. John Garang wa Sudan alikuwa mwanachama, naye Walter Rodney wa Guyana, mwalimu wa historia, alishiriki katika madarasa ya Jumapili ambamo siasa ya dunia ilijadiliwa bila mtihani mwishoni. Jarida lao, Cheche, lilianza mwaka 1969. Katika miaka hiyohiyo mwanafunzi Ebrahim Hussein aliandika tamthilia yake Kinjeketile, na kuanzia hapo jukwaa la Mlimani likawa na sauti yake lenyewe.

Safari hiyo haikukosa mawimbi. Oktoba 1966 palitokea kutoelewana kuhusu Jeshi la Kujenga Taifa, na wanafunzi wengi wakafukuzwa kwa muda. Mwishoni mwa 1970 Cheche na USARF vilipigwa marufuku. Mwaka 1971 na mwaka 1990 palikuwa tena na migogoro kati ya wanafunzi na mamlaka. Chuo kilivuka.

Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanyika, Mlimani ikawa chuo kikuu cha taifa chini ya Makamu Mkuu Pius Msekwa, na kwa kuwa Makerere na Nairobi zilikwisha kupata vitivo vyao vya sheria, ile sababu ya kwanza ya ugeni ilikoma. Hatua zilizofuata ni hizi: Kitivo cha Uhandisi, 1973, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), 1981, Chuo Kikuu cha Sokoine kilichozaliwa na Kitivo cha Kilimo, 1984, vyuo vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa, 2005, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), 2009, mabweni mapya yenye nafasi 3,840, 2017, maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, 2018.

Msamiati wa wanafunzi nao umekua: bumu, yaani fedha ya kujikimu, kudisko, yaani kuondolewa masomoni kwa kufeli, na kubebana, yaani mwenye kitanda kumpokea asiye nacho. Neno hili la mwisho ndilo linalobeba historia nzima ya chuo, kwa maana TANU ilikibeba chuo kisicho na nyumba, nacho chuo kikawabeba vijana wa nchi jirani wasio na kitivo. Leo wageni wanaokuja kujifunza Kiswahili, na wahitimu wanaokimbia mbio za hisani, yaani mbio ambazo mshiriki huchangia fedha kwa manufaa ya wengine, wanaendeleza desturi hiyohiyo ya kubebana. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na Mlimani, tangu Mtaa wa Lumumba, imepona kwa wageni wake.