Wagiriki wa Luapula na Mila Zao

Samaki wa Mweru wanaoshushwa hapa Kashikishi twawajua sote. Lakini zamani za Wabelgiji wanunuzi wake wakubwa walikuwa Wagiriki wa Kasenga, upande wa Kongo wa mto Luapula. Waliwapakia kwenye barafu, wakawapeleka Elisabethville (leo Lubumbashi), kwenye migodi.

Wengi walitoka visiwa vya Dodecanese, vilivyotawaliwa na Waturuki hadi 1912, kisha Waitalia. Kanisa lao la Orthodox huamuru saumu ndefu kabla ya Pasaka: hakuna nyama, wala samaki ila siku chache kama 25 Machi. Hebu fikirini, mchuuzi wa samaki asiyeonja samaki wake! Sisi wa Ramadhani twaelewa.

Visiwa vyao viliunganishwa rasmi na Ugiriki mwaka 1948 tu. Kabla ya hapo, kwa maoni yetu, ni saumu hiyo na mayai mekundu ya Pasaka, wala si paspoti, vilivyomjulisha mtoto wa Kasenga kuwa yeye ni Mgiriki.