Programu za mawingu ya kompyuta

Programu za mawingu ya kompyuta ni programu zinazounda wingu kwa hesabu na kulitolea picha inayofanana na wingu halisi. Wingu halina uso wa kupakwa rangi kama ukuta. Ni matone madogo ya maji. Mwanga hutawanywa nayo mara nyingi kabla ya kutoka, na kiasi kidogo sana humezwa. Ndiyo maana wingu huwa jeupe, na ndiyo maana kompyuta huchelewa kulichora.

Terragen, ya kampuni ya Planetside ya Uingereza, huzalisha anga pamoja na ardhi, hivyo hufaa mandhari mapana. Houdini ya SideFX, Toronto, humwezesha msanii kuchonga kila wingu, ila hudai ujuzi mwingi. Blender hupatikana bure. Unreal Engine hukokotoa mawingu papo hapo kwa ajili ya michezo, ikikubali kupunguza usahihi wa mwanga.

Kigezo muhimu cha kuchagua kati ya programu hizi ni uwezo wa kusoma OpenVDB, muundo wa data uliotolewa na DreamWorks Animation mwaka 2012. Huhifadhi sehemu zenye wingu tu na kuruka hewa tupu, hivyo huokoa kumbukumbu nyingi. Blender huusoma tangu toleo la 2.83 la mwaka 2020, na Walt Disney Animation Studios imetoa kwa umma wingu la majaribio katika muundo huo.