Wimbo Uliochafuliwa: Vijana wa Burg Waldeck, 1964–1969

Pentekoste ya mwaka 1964 wanafunzi wa universite na rafiki zao walikusanyika katika vilima vya Hunsrück, Ujerumani ya magharibi, penye magofu ya ngome iitwayo Burg Waldeck. Walileta magitari na hema. Walitaka kuimba kwa Kijerumani, lugha ya mama zao. Jambo hilo laonekana dogo. Kwao halikuwa dogo hata kidogo.

Tujue kwanza mambo ya nyuma. Tangu mwanzo wa karne ya 20 vijana wa nchi ile walipenda kusafiri kwa miguu, gitari begani, wakiimba nyimbo za wazee. Vyama vyao vilikuwa vingi, vya Wakatoliki pia. Pale Waldeck kilikaa chama cha Nerother, na mkubwa wake Robert Oelbermann. Hitler alipotwaa utawala mwaka 1933, vyama hivi vikavunjwa, kwa maana alitaka vijana wote wawe wake. Lakini nyimbo hakuzivunja: alizichukua. Watoto wakaziimba wakipiga miguu kama askari, nyuma ya bendera yake. Oelbermann akafungwa, akafa katika kambi ya Dachau mwaka 1941. Na Willi Graf, Mkatoliki, alifungwa mara ya kwanza mwaka 1938, kwa sababu hakuacha kukutana na wenzake wa chama kilichokatazwa. Mwaka 1943, akiwa mwanafunzi wa uganga, akauawa huko München kwa ajili ya karatasi walizotawanya kwa siri wale wa Waridi Jeupe.

Basi vita ilipokwisha, mtu akiimba wimbo wa zamani alisikia ndani yake kishindo cha viatu vya askari. Vijana wengi wakaona haya, wakaimba za Kiingereza, au wakawaonea Wafaransa wivu kwa ajili ya Georges Brassens.

Wengine walitafuta dawa katika nyimbo zenyewe. Bwana Wolfgang Steinitz, mtaalamu wa Berlin ya mashariki, alitoa vitabu viwili, mwaka 1954 na 1962, vya nyimbo zilizosahauliwa shuleni: za wakulima waliolemewa na mabwana, za askari waliochoka na vita, za wafuma-nguo wa Silesia walioasi mwaka 1844 kwa njaa. Hapo watu waliona kwamba Hitler hakurithi nyimbo zote. Peter Rohland, mmoja wa walioanzisha mkutano wa Waldeck, aliimba nyimbo za mapinduzi ya 1848. Tena aliimba nyimbo za Wayahudi kwa Kiyidishi, mbele ya Wajerumani, miaka ishirini tu baada ya mauaji yale. Sisi twaona hilo kuwa tendo kubwa kuliko yote ya vijana wale. Alikufa mwaka 1966, umri wake miaka 33.

Wengine walitunga nyimbo mpya. Franz Josef Degenhardt, mwanasheria aliyezaliwa katika nyumba ya Wakatoliki, alichoma kwa maneno matamu watu wa starehe wanaosahau upesi. (Ndugu yake wa ukoo, Johannes Joachim, alikuwa baadaye Askofu Mkuu wa Paderborn na kardinali, kweli ukoo mmoja huzaa sauti nyingi.) Alikuwako pia Hanns Dieter Hüsch, mtu wa kabareti, yaani mchezo wa maneno na nyimbo wa kuwacheka wakubwa, na kujicheka mwenyewe. Alianza kazi hiyo katika kikundi cha wanafunzi huko Mainz.

Mwaka 1968 mambo yaligeuka. Watu walikuwa maelfu, na wanafunzi wakali wakasema kwamba wakati wa kuimba umepita, sasa ni wakati wa mabishano. Hüsch akiwa jukwaani, wakamkatiza kwa makelele, wakamdai ajieleze juu ya siasa yake. Wimbo usiotaja adui waziwazi waliuona kuwa usaliti. Tusiwadharau: vita ya Vietnam iliwaka, na wazee wengi wa Ujerumani walikuwa bado wamenyamaza juu ya dhambi zao. Lakini walimnyamazisha mwimbaji, wao waliozaliwa na wazee walionyamazishwa.

Degenhardt alikwenda upande wa wakali. Mwaka 1971 alifukuzwa katika chama cha SPD kwa kuwa aliwahimiza watu wawapigie Wakomunisti kura. Mkutano wa Waldeck ulikuwa umekwisha tangu 1969. Hüsch alibaki na kidonda kile miaka mingi. Uzeeni alitunga zaburi na sala, akazisema mwenyewe makanisani. Alikufa mwaka 2005.