Kasi Bila Maungio: Barabara ya Haraka, Treni ya Mwendokasi na Funzo la Kidatu

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Tangu hapo mjadala wa miundombinu nchini umechukua sura ya mashindano. Wapo wanaotaka fedha zote ziendelee kumiminwa kwenye reli ya kisasa, na wapo wanaoona zamu sasa ni ya barabara ya haraka ya kulipia iliyopangwa kutoka Kibaha kupitia Chalinze hadi Morogoro, takriban kilomita 205. Makala hii inalitazama suala hilo kutoka Kidatu, mji mdogo ulio kwenye lango la bonde la Kilombero, ambao haumo katika mipango ya upande wowote kati ya pande hizo mbili. Inadai kwamba tija ya usafirishaji haiamuliwi na kasi ya chombo kikiwa njiani, bali na hasara inayotokea pale mzigo unapohama kutoka njia moja kwenda nyingine. Dai hilo likikubalika, mpangilio wa vipaumbele vyetu hauna budi kubadilika.

Milimita 67

Kidatu ni mahali ambapo reli mbili hukutana bila kuungana. Ya kwanza ni tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa kupitia Mikumi, lililofika hapa miaka ya 1960, wakati kilimo cha miwa cha Kilombero kilipokuwa kinaanza kushika kasi. Upana wake ni milimita 1,000, ule ule ambao Wajerumani waliutumia walipoijenga Reli ya Kati kati ya 1905 na 1914. Ya pili ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa kwa mkopo wa China kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Hiyo ilipewa upana wa milimita 1,067 ili mabehewa yake yaingie moja kwa moja kwenye reli za Zambia na nchi za kusini.

Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vinne vya mkono. Kwa sababu ya vidole hivyo vinne, behewa linalotoka Zambia haliwezi kuendelea hadi Kilosa, Tabora au Mwanza. Mwaka 1998 kiliwekwa kituo cha kuhamishia shehena hapa Kidatu, lakini kila kontena linaloinuliwa kutoka behewa moja na kuwekwa kwenye jingine hudai winchi, wafanyakazi, makaratasi na behewa tupu linalosubiri upande wa pili. Kimoja kikikosekana, mzigo unalala.

Sasa imeongezeka reli ya tatu. Reli ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435, inapita Kilosa, kama kilomita 108 kutoka Kidatu kwa njia ya reli ya zamani. Mkoa mmoja wa Morogoro una geji tatu, yaani reli za upana wa aina tatu. Bwawa la Kidatu, lenye uwezo wa megawati 204, linaingiza umeme kwenye gridi ya Taifa, gridi hiyo hiyo inayoendesha treni za kisasa. Lakini gunia la mchele wa Ifakara halina njia ya reli isiyokatika ya kuifikia treni hiyo.

Kwa nini lori lilishinda

TAZARA ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000. Sababu zilizozoeleka ni za kweli: uchakavu wa vichwa vya treni, madeni, uongozi dhaifu na migomo ya wafanyakazi. Hata hivyo, hazitoshi kueleza kwa nini shehena ilihamia kwenye barabara kuu ya Tanzam.

Lori halikuishinda treni kwa kasi. Linapanda milima ya Kitonga taratibu, linasimama kwenye mizani, na mpakani Tunduma linaweza kukaa foleni siku kadhaa. Nguvu yake ni kwamba mzigo uliopakiwa bandarini haushushwi mpaka kwenye ghala la mwenyewe. Mfanyabiashara hununua uhakika huo wa safari isiyokatika, na yuko tayari kuulipia.

Lakini ushindi huo una gharama isiyoonekana kwenye risiti ya msafirishaji. Majaribio ya barabara ya AASHO yaliyofanyika Marekani mwaka 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ukiongeza uzito mara mbili, madhara yanakaribia mara 16. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ikatunga sheria ya kudhibiti uzito wa magari mwaka 2016, ikiweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Barabara ya haraka itakayojaa malori ya aina hiyo itafika Morogoro ikiwa na deni la ukarabati tangu siku ya kwanza. Na mbele ya Morogoro iko Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako barabara kuu hukatiza kilomita zipatazo 50 za makazi ya wanyama. Huko kasi zaidi ni madhara zaidi.

Kasi ipi?

Watetezi wa reli nao wanapaswa kupunguza tambo. Kwa vigezo vya kimataifa, njia mpya ya treni ya kasi ni ile inayoruhusu angalau kilomita 250 kwa saa. Treni ya Al Boraq ya Morocco, iliyoanza 2018, hufika 320. Yetu imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa kwa abiria na 120 kwa mizigo. Huo si upungufu. Njia za kilomita 300 kwa saa kwa kawaida hubeba abiria pekee, ilhali uchumi wetu unahitaji reli ibebe shaba, mbolea, sukari na mchele. Kutafuta kasi zaidi ya hapo kungekuwa kununua fahari kwa fedha za mkulima, ambaye tayari anachangia kwa tozo ya mafuta na kwa tozo ya reli iliyomo katika bei ya bidhaa zinazoagizwa nje.

Mkulima huyo ndiye kipimo cha mwisho cha hoja hii. Muwa ukishakatwa, sukari yake huanza kupungua. Ukichelewa siku kadhaa shambani, mkulima analipwa pungufu hata kama uzito ni ule ule. Mvua za El Niño zilizoendelea hadi mwanzoni mwa 2024 zilipojaza maji njia za mashambani, trekta na matela hayakuweza kuingia, uvunaji ukasimama, na sukari ikaadimika nchi nzima. Mnyororo ulikatikia kwenye kilomita chache za udongo kati ya shamba na kiwanda, mahali ambapo si barabara ya haraka wala treni ya mwendokasi ingeokoa hata kilo moja.

Kinyume chake pia kimeonekana hapa hapa. Kabla ya daraja la mto Kilombero lenye urefu wa mita 384 kufunguliwa mwaka 2018, watu wa Ulanga na Malinyi walivuka kwa kivuko pale Ifakara, na Januari 2016 kivuko hicho kilizama. Lilifuata zoezi la kuweka lami kilomita 66.9 za Kidatu hadi Ifakara, Umoja wa Ulaya ukiwa miongoni mwa wafadhili. Daraja na lami hiyo ya njia mbili havina sifa ya kasi. Vimeunganisha tu kilichokuwa kimekatika, na bonde zima likapata njia ya kutokea.

Pingamizi na mapendekezo

Itasemwa kwamba msongamano kati ya Dar es Salaam na Chalinze ni wa kweli na unagharimu taifa. Ni kweli, na kwa sababu wenye magari wapo tayari kulipa ili kuuepuka, barabara ya haraka iachwe kwa mtaji binafsi na tozo za watumiaji, mradi Serikali isijifunge kufidia mwekezaji magari yakipungua. Itasemwa pia kwamba geji tatu haziwezi kuunganishwa kwa bei nafuu. Haihitajiki kung'oa reli yoyote. Yatosha makontena ya kipimo kimoja, winchi za uhakika na ratiba zinazosomana.

Ukarabati mkubwa wa TAZARA uliokubaliwa na China, Tanzania na Zambia ndio fursa ya kufanya hivyo. Ukifanywa bila kukihuisha kituo cha Kidatu na tawi la Kilosa, tutakuwa tumefufua reli na kuacha tatizo lake. Kwa hiyo utaratibu wa matumizi uwe huu: kwanza TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iwezeshwe kuzifanya barabara za mashambani zipitike masika na kiangazi, pili, maungio ya Kidatu na Kilosa yajengwe upya, tatu, reli ya mizigo ipanuliwe, na barabara ya haraka ije baada ya hayo, kwa fedha za wanaoihitaji. Wabunge wanaopitisha bajeti ya uchukuzi wanapaswa kudai, kwa kila mradi, maelezo ya saa ngapi mzigo utasubiri kwenye kila makutano. Mradi usioweza kujibu hilo haujaiva kuombewa fedha.