Kigali Y' Izahabu: albamu iliyozaliwa kibarazani

Kigali Y' Izahabu, albamu ya kwanza ya kundi la The Good Ones la Rwanda, ilitimiza miaka 15 mwaka 2025, na jiji linalotajwa kwenye jalada lake lina kila sababu ya kuiadhimisha. Waimbaji wake walikuwa watatu: Adrien Kazigira, Stany Hitimana na Janvier Havugimana. Waliirekodi Kigali mwaka 2009, nje, kibarazani. Mwaka uliofuata ilitolewa na Dead Oceans, kampuni ya Marekani iliyojijengea jina kwa bendi za roki ya indie, yaani wanamuziki wanaofanya kazi zao nje ya makampuni makubwa ya muziki.

Kigali ilikuwa na uzoefu wa muda mrefu wa kupeleka sauti mbali. Kuanzia mwaka 1965 sekta ya Kinyinya, wilayani Gasabo, ilikuwa na kituo cha kurushia matangazo cha Deutsche Welle, redio ya kimataifa ya Ujerumani. Kwa takriban nusu karne mitambo yake ilirusha masafa mafupi kwenda Afrika na kwingineko, na wasikilizaji wengi wa Idhaa ya Kiswahili ya redio hiyo waliipata kupitia hapo. Kituo kilifungwa Machi 2015, na kilima cha Kinyinya sasa kimepangiwa mradi wa makazi wa Green City Kigali. Wakati mitambo hiyo ikiwa bado inafanya kazi, wanaume watatu wa jiji hilohilo waliufikia ulimwengu kwa gitaa na koo zao tu.

Historia ya muziki wa Rwanda kabla yao inafahamika. Miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa ya Orchestre Impala na wenzao, waliosikika kupitia Radio Rwanda. Nyimbo zao leo huitwa karahanyuze, na bado zinawainua watu vitini kwenye sherehe.

Kisha ukafika Aprili 1994, mwezi yalipoanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi aliyeongoza kundi la ngoma la Amasimbi n'Amakombe, aliuawa tarehe 7, pamoja na mkewe Daphrose. André Sebanani wa Impala naye aliuawa katika mauaji hayo. Upande wa pili alikuwapo Simon Bikindi, mwanamuziki maarufu, ambaye mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15 mnamo Desemba 2008. Kosa lililomtia hatiani lilikuwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani, kati ya Kivumu na Kayove, akichochea watu wauawe. Hukumu hiyo ilikuwa bado habari mpya The Good Ones waliporekodi. Mnyarwanda wa wakati ule alijua vema kwamba sauti ya mwanamuziki inaweza kuua.

Msiba huo uliingia pia nyumbani kwa The Good Ones. Kaka mkubwa wa Havugimana, mtu asiyeona, ndiye aliyekuwa mwalimu wao wa muziki, naye aliuawa mwaka 1994. Kazigira alinusurika, na ameendelea kuishi kwenye shamba la kilimani alikozaliwa. Kwa maelezo yao wenyewe, kundi lilikuwa njia ya kupona, na jina la Kiingereza walilochagua lilitaja aina ya watu waliotaka kuwa nao baada ya yote waliyoyaona: watu wema.

Simulizi ya kurekodiwa kwa albamu imetufikia zaidi kupitia kwa Ian Brennan, mtayarishaji kutoka Marekani. Alikuja Rwanda mwaka 2009 na Marilena Umuhoza Delli, mpiga picha na mwandishi aliyezaliwa Italia na mama Mnyarwanda. Brennan alikuwa akitafuta waimbaji wanaotunga nyimbo zao wenyewe kwa Kinyarwanda. Sehemu kubwa ya alichosikia kwanza ilifuata mitindo ya hip-hop na R&B kutoka nje. Alipoketi mbele ya The Good Ones, utafutaji ukaishia hapo.

Msimamo wa Brennan kuhusu studio ni mkali, na ameutetea katika kitabu chake cha mwaka 2016, How Music Dies (or Lives). Kwake, vioo, kuta za sponji na kurudiarudia wimbo huondoa kile kilichomvuta mtu kuusikiliza. Kwa hiyo hakuwapeleka studio. Walikaa kibarazani karibu karibu, wakaimba kwa pamoja, na kilichonaswa ndicho kilichobaki. Hakuna ngoma iliyoongezwa baadaye, wala kinanda, wala sauti ya mwimbaji iliyopachikwa juu ya nyingine.

Ukiusikiliza wimbo Sara kwa makini, utaelewa uamuzi huo ulizaa nini. Gitaa linasikika kama lilivyo, vidole vikigusa nyuzi. Mwimbaji mmoja anatangulia, mwenzake anampokea kwa sauti ya juu zaidi, na wote wawili wanalisukuma neno hadi pumzi inapokata. Upatano wa namna hiyo huwezi kuupata kwa watu waliokutana juzi. Wanaoimba hivi wamezeeka pamoja ndani ya nyimbo zao. Ni nyimbo za watu wa kazi, zenye Kinyarwanda cha mitaani, na kubwa linalozungumzwa ndani yake ni mapenzi: msichana anayesubiriwa, mke anayesifiwa, moyo uliovunjika.

Hapo ndipo ulipo ugomvi mkubwa kuhusu albamu hii. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliipokea kwa heshima, lakini karibu kila makala ilianza na mauaji. Tena yalipenda kueleza kwamba watatu hao wanatoka kwa Wahutu, Watutsi na Watwa, hesabu ambayo Rwanda, nchi iliyofuta kabila kwenye vitambulisho baada ya 1994, imejitahidi kuiacha. Maelezo hayo yalitoka pia kwa kundi lenyewe na kwa mtayarishaji wao, waliouona mchanganyiko huo kuwa ushahidi wa upatanisho, na wana haki ya kuusema. Tatizo ni uzito uliowekwa. Mtunzi anapoandika wimbo wa mapenzi, anastahili kuulizwa juu ya ubeti wake, mpangilio wa sauti na mwanamke aliyemwimbia. Kazigira na wenzake waliulizwa zaidi juu ya waliokufa. Albamu iliyosheheni mahaba ikasikilizwa kwa huruma, na huruma ikaufunika ufundi.

Ufundi huo ndio uliowavuta watu wa roki ya indie. Dead Oceans, yenye makao yake Bloomington, jimbo la Indiana, ilikuwa imeanza mwaka 2007 tu. Baadaye ingekuwa kampuni ya wanamuziki Mitski na Phoebe Bridgers. The Good Ones walitoa huko pia Rwanda Is My Home mwaka 2015. Katika Rwanda, You Should Be Loved ya mwaka 2019, iliyotolewa na kampuni ya Anti-, walishirikiana na Kevin Shields wa My Bloody Valentine, Nels Cline wa Wilco, Tunde Adebimpe wa TV on the Radio na Corin Tucker wa Sleater-Kinney. Ikafuata albamu nyingine mwaka 2022, kisha mwaka 2025 Rwanda Sings with Strings, yenye fidla na selo. Brennan naye alisonga mbele: albamu ya Tassili ya kundi la Tinariwen, aliyoitayarisha, ilipata Grammy mwaka 2012, na huku kwetu Afrika Mashariki alifika Ukerewe, Tanzania, kurekodi kundi la watu wenye ualbino la Tanzania Albinism Collective.

Kigali ya leo inajivunia BK Arena, ukumbi uliofunguliwa mwaka 2019. Kendrick Lamar alitumbuiza hapo Desemba 2023, John Legend akafuata Februari 2025. Ni jambo jema, na vijana wa jiji wamenufaika. Lakini jiji linaloweza kuwaleta nyota hao linaweza pia kuwapa waimbaji wake jioni moja, viti vya kutosha na vipaza sauti viwili vizuri.

Shule ya muziki iliyoanzishwa Nyundo mwaka 2014 inaweza kuanza hata kesho. Wanafunzi wake wapewe Kigali Y' Izahabu waisikilize wakiwa na gitaa mikononi, wachunguze jinsi sauti zinavyopokezana bila kinanda wala ngoma nyuma yake. Watangazaji wa vipindi vya karahanyuze nao waipe nafasi kwenye orodha zao, kisha wawaalike Kazigira na Havugimana waeleze kwa Kinyarwanda Sara ulitungwa vipi. Bado wanaimba, na ufafanuzi huo umechelewa kwa miaka 15 na zaidi.