Kipimo Huanzia Thieta: Vipokezi vya Saratani ya Matiti na Saa za Kwanza za Kinyama Mombasa

Kwa miaka mingi madaktari wa Afrika Mashariki walifundishwa kuwa saratani ya matiti ya mwanamke Mwafrika ni kali, haina vipokezi vya homoni, na kwamba tembe za kuzuia homoni hazimfai. Mwaka 2008 Peter Bird na wenzake wa Hospitali ya Kijabe walichapisha matokeo yaliyoonekana kulipa nguvu fundisho hilo: takriban robo tu ya wagonjwa waliopimwa walikuwa na kipokezi cha estrojeni. Mwaka 2014 Shahin Sayed wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, akiwa na wenzake, aliwapima wanawake wa Kenya hiyohiyo akapata asilimia 72.8. Waliokosa vipokezi vyote vitatu vinavyopimwa, yaani cha estrojeni, cha projesteroni na HER2, walikuwa asilimia 20.2 tu.

Maumbile ya wanawake wa nchi moja hayawezi kugeuka kiasi hicho katika miaka sita. Wagonjwa wa Kijabe huenda walitofautiana na wa utafiti wa pili kwa umri na kwa hatua ya ugonjwa, na hilo nalikubali. Lakini pengo ni kubwa mno kuelezwa kwa umri peke yake. Ninashikilia kuwa sehemu kubwa ya “ukosefu wa vipokezi” tuliosomeshwa haikuwa ndani ya titi. Ilitokana na yaliyokipata kinyama, yaani kipande cha nyama ya uvimbe kinachopelekwa maabara, baada ya kutoka mwilini, na hapo ndipo Mombasa inapopaswa kuweka fedha zake kabla ya kununua mtambo wowote.

Kipokezi cha estrojeni ni protini iliyo ndani ya kiini cha seli. Homoni ikikifikia, seli huamrishwa igawanyike. George Beatson, mpasuaji wa Glasgow, alionyesha mwaka 1896 kuwa kutoa ovari kunaweza kuufanya uvimbe wa titi unywee, ingawa hakuweza kueleza sababu. Ilibidi dunia imngoje Elwood Jensen wa Chicago, zaidi ya nusu karne baadaye, akionyeshe kipokezi chenyewe. Leo tembe moja ya tamoksifeni kwa siku, kwa miaka mitano, hupunguza vifo kwa takriban theluthi miongoni mwa wenye kipokezi hicho. Kwa asiye nacho haifui dafu. Kipokezi cha projesteroni aghalabu huandamana na cha estrojeni. Cha tatu, HER2, hukaa kwenye utando wa nje wa seli, nacho kina dawa yake, trastuzumabu. Uvimbe usio na hata kimoja kati ya vitatu hivyo hubakiwa, katika hospitali zetu nyingi, na kisu, mionzi na kemotherapi.

Kosa la kipimo, basi, lina gharama ya maisha. Mwanamke aliyeandikiwa “hasi” ilhali ni chanya hunyimwa dawa iliyo rahisi kuliko zote katika tiba ya saratani. Hatajua kamwe. Ugonjwa ukirudi, watu watasema ilikuwa saratani kali.

Kosa hilo hutokea mapema. Tangu damu inapokatika, seli huanza kujimeng'enya, na protini laini kama kipokezi cha estrojeni huharibika upesi. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa inataka kinyama kiingie kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, ndani ya saa moja, na kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Joto huharakisha uharibifu, na joto la Pwani, tena lenye unyevunyevu, halihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Mombasa. Chukua titi zima lililokatwa Ijumaa adhuhuri. Likitiwa zima kwenye ndoo ya plastiki, formalini huingia kwa takriban milimita moja kwa saa, tena mafuta ya titi huichelewesha. Uvimbe ulio katikati huweza kukaa usiku kucha bila kuguswa na dawa, ukioza kidogo kidogo huku ndoo ikiwa imeandikwa jina na kufunikwa vizuri. Maabara ikifunguliwa Jumatatu asubuhi, na kukiwa na foleni, saa 72 zimekwisha. Nyama ya nje imepita muda wake, ya ndani haikuwahi kuhifadhika. Hakuna kingamwili ya kupimia, hata ya bei ghali, itakayolirekebisha hilo.

Dawa yake ni kisu kirefu na mtu aliyefundishwa. Titi likatwe vipande hapohapo thieta, formalini iwe mara kumi ya ujazo wa nyama, na saa ya kutoka mwilini iandikwe kwenye fomu pamoja na saa ya kuingia formalini. Bora zaidi, kinyama kitolewe kwa sindano nene kabla ya upasuaji: vipande vyembamba kama njiti hulowa upesi, na daktari huijua aina ya ugonjwa kabla hajaamua aanze na kisu au na dawa. Sindano nyembamba, inayofyonza seli chache tu, haitoi msingi wa kutegemewa kwa kipimo hiki.

Ushahidi wa hili hauko Kenya peke yake: Isabel dos Santos Silva na wenzake walikusanya mwaka 2014 tafiti za Afrika nzima. Sampuli zilizokusanywa kwa mpango maalumu zilionyesha kipokezi cha estrojeni mara nyingi zaidi kuliko zile zilizotolewa makabatini. Bara ni lilelile. Kilichotofautiana ni utunzaji. Wala bara lenyewe si moja. Katika utafiti uliowalinganisha wanawake wa Ghana na wa Ethiopia, zaidi ya nusu ya Waghana walikosa vipokezi vyote vitatu, na Waethiopia waliokosa walikuwa takriban asilimia 15. Anayesema “saratani ya Waafrika” kwa neno moja hana msaada kwa mgonjwa wa Kibokoni wala wa Msambweni.

Ukisimama Mama Ngina, penye mibuyu, unaziona feri za Likoni zikiwavusha watu wa Kwale wanaokuja kisiwani kutibiwa. Kutoka hapo hadi hospitali za kulipia za Kizingo ni mwendo wa miguu, na Makadara, iliko Hospitali Kuu ya Pwani, si mbali. Hospitali hiyo hupokea rufaa za kaunti zote sita za Pwani, kuanzia Lamu hadi Taita Taveta, na serikali iliichagua pamoja na Nakuru na Garissa kuwa na vituo vya saratani vya mikoa. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kupata kemotherapi bila kupanda basi la Nairobi. Sampuli yake, hata hivyo, mara nyingi imekuwa ikisafiri. Safari hiyo hainitishi sana. Kinyama kilichohifadhiwa vyema na kuingizwa kwenye nta husafiri bila kudhurika. Kilichoharibika Lamu kitafika Nairobi kikiwa kimeharibika, hata kikipokelewa na maabara bora kuliko zote.

Wapo wanaosema: ikiwa wagonjwa saba kati ya kumi ni chanya, kwa nini tusimpe kila mmoja tamoksifeni, tukaachana na gharama ya kipimo? Hoja hii ina uzito, na pale ambapo kipimo hakipatikani kabisa ningeikubali kuliko kumwacha mwanamke bila chochote. Lakini haifai kuwa sera ya mji kama Mombasa. Wale watatu waliobaki ndio wanaohitaji kemotherapi mapema zaidi, na tembe isiyowafaa itawafariji huku muda ukipita. Isitoshe, miaka mitano ya kumeza tembe si kitu chepesi: joto la mwili la ghafla, hedhi kuvurugika, hatari ya damu kuganda. Ni vigumu kumwambia bi mkubwa wa Mji wa Kale avumilie hayo kwa kukisia.

Kipimo cha estrojeni, basi, kiwe cha kwanza, kwa kila mgonjwa, kwa fedha za umma. HER2 ifuate, na masharti yake ni magumu zaidi: jibu la katikati halitoshi kuamua, linahitaji kipimo cha pili cha jeni. Shirika la Afya Duniani liliiweka trastuzumabu katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na makubaliano ya mwaka 2025 kati ya serikali ya Kenya na kampuni ya Roche yameishusha bei ya dozi moja kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, zinazolipwa na SHA, bima ya afya ya umma. Nayafurahia makubaliano hayo kwa dhati. Lakini mlango wa dawa hiyo ni kipimo, na mgonjwa anayetakiwa kulipia kipimo mfukoni hataufikia mlango. Bima inayolipia dozi iliyo ghali na kukiacha kipimo kinachoiamua haijamfikiria mgonjwa tangu siku ya kwanza.

Kuhusu mitambo, tumaini kubwa sasa ni ule wa GeneXpert, ambao hospitali zetu zinautumia kwa kifua kikuu. Ipo katriji inayosoma jeni za vipokezi vya matiti kwa mtambo huohuo, na imejaribiwa Rwanda. Naiunga mkono, hasa kwa kaunti zisizo na mwanapatholojia. Ila nayo husoma kilichomo kwenye kinyama, na kinyama kilichooza hakina la kusomwa.

Liko jambo moja linaloweza kuanza bila bajeti mpya. Kandokando ya uvimbe huwa kuna mirija ya maziwa isiyo na saratani, na seli zake kwa kawaida zina kipokezi cha estrojeni. Zikipakwa rangi zisishike hata hizo, kilichoshindwa ni kipimo. Ripoti ya namna hiyo haipaswi kusema “hasi”. Inapaswa kusema kwamba jibu halikupatikana na kuomba kinyama kingine. Vitalu vya nta na slaidi za miaka iliyopita zimo makabatini. Mwanapatholojia akizipitia zile zilizoandikwa hasi, atawatambua wanawake ambao kwa kweli hawakuwahi kupimwa. Wengine wamekwisha fariki. Walio hai wapigiwe simu waje wapimwe upya, kwani tamoksifeni imeonyesha faida hata ikianza miaka kadhaa baada ya upasuaji, na kazi hiyo ya kuwatafuta ni ya hospitali iliyowaandikia jibu la kwanza.